Jinsi ya Kumiliki Timu Alupe na Kubaki na Deni

Umeuza trela, pesa iko kwa simu, na pale kinyozi wamekuambia mzee kama wewe hakosi timu. Hongera. Fuata haya.

Kwanza, wewe shinda tu, pesa itajileta. SoNy Sugar wa Awendo walitwaa ligi ya Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 wakatimuliwa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Kombe walikuwa nalo, nauli ndiyo haikuwepo. Timu nzima ilikuwa ikinyonya kiwanda kimoja cha sukari, na kiwanda chenyewe kilikuwa kimeishiwa. Kwa hivyo mdhamini awe mmoja, tena wa kamari akipatikana. SportPesa ilipojiondoa mwaka huohuo wa 2019, Gor Mahia, mabingwa, waliingia msimu mpya wachezaji wakidai mishahara.

Watanzania usiwaige kabisa. Mwaka 2021 walifunga mkataba wa matangazo ya ligi wa miaka 10 na Azam Media, shilingi zao bilioni 225.6, hata timu ya mkiani ikawa na chake. Simba nao walikaa misimu minne bila ubingwa, Yanga wakiubeba kila mwaka, na bado Simba Day watu walijazana Uwanja wa Mkapa: jezi mpya, muziki, mechi ya kirafiki isiyo na pointi hata moja. Mtu analipa kiingilio ili aonyeshwe wachezaji! Mambo ya Dar hayo.

Huku kwetu Alupe, karibu na mpaka, lango ni kamba ya katani na kijana mmoja mwenye kitabu cha risiti. Foleni ya malori ya mpakani ikirudi nyuma hadi usawa wa uwanja, madereva wanapanda juu ya turubai na kutazama bure, tena wao ndio wanaomtukana refa zaidi. Mama wa mahindi anawauzia kwa kurusha, nao wanamrushia sarafu. Hesabu yake ya jioni inaishinda yako. Usimuulize anafanyaje. Jezi nazo usiharakishe kushona. Zikipendwa, nakala zitavuka kwa njia ya panya kutoka ng'ambo kabla fundi wako hajakata kitambaa.

La mwisho ni makaratasi: tupa. Mchezaji akiuzwa nchi hadi nchi, FIFA hutenga asilimia 5 ya ada kwa timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Mkenya Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ada ilitajwa kuwa pauni milioni 12.5, asilimia 5 yake ni pauni 625,000. Anayedai lazima aonyeshe kijana alisajiliwa kwake lini.

Timu moja ya huku, sitaitaja, niliiona rejista yake stendi ya Busia. Nilinunua njugu za shilingi kumi, nikakunjua karatasi: majina kumi na moja kwa kalamu ya bluu, namba za jezi, saini ya kocha. Mafuta yalikuwa yamefuta miaka ya kuzaliwa.