Ras Serani kwa Daraja: Kumi Bora, Wabishi Karibuni

Kisiwa cha Mombasa kina pembe nyingi, lakini ya kusini-mashariki ndiyo yenye makuu. Inaitwa Ras Serani. Meli ikitoka bahari kuu hukutana nayo uso kwa uso na lazima ichague: kushoto, mlango wa Kilindini na makontena yake, kulia, Bandari ya Kale na majahazi yake. Barabara inayoizunguka ni Mama Ngina Drive, na mji mzima unapaita Lighthouse. Mwambie dereva wa tuktuk akupeleke Ras Serani uone atakavyokuhoji.

Kamati iliyopanga orodha hii ina mjumbe mmoja, ambaye pia ni mwenyekiti, karani na mpishi wa matokeo. Vigezo vilikuwa vitatu. Je, ni bure? Je, unaweza kukifaidi ukiwa umekaa? Je, kinaweza kuzusha ubishi wa kufika saa tatu usiku? Mwenye kinyongo asome mpaka mwisho ndipo anune. Najua hutafanya hivyo. Utaruka hadi namba moja, urudi juu umeshakunja ndita.

10. Machweo

Hakosi mgeni wa kutoka bara anayefika saa kumi na mbili kasoro, simu mkononi, kusubiri jua lizame baharini. Ndugu yangu, hii ni pwani ya mashariki. Jua letu hutoka baharini alfajiri, wakati wewe umelala, na jioni hurudi huko huko bara ulikotoka. Rangi za mawinguni zipo, sikatai, ila bahari haihusiki.

*Hukumu:* limeondolewa mashindanoni kwa kuchezea upande usio wake. Tumelipa namba kumi kwa ajili ya nauli.

9. Taa yenyewe

Sehemu nzima inaitwa kwa jina lake, na bado ukiwauliza watu wakuonyeshe ilipo, wengi watanyoosha kidole kwa muuza madafu. Kazi yake lakini ni ya heshima. Rasi ina taa za kuongozea meli: nahodha akiziona usiku zimepangana, moja juu ya nyenzake, anajua yuko ndani ya njia. Akiziona zimeachana, ajue yupo njiani kuingia kwenye magazeti.

*Hukumu:* jina lote ni lake, picha zote ni za wengine.

8. Uwanja wa gofu

Mashimo 9, nyasi zilizonyolewa vizuri kuliko vichwa vya wengi wetu, na bahari pale pale ukingoni. Kusi ikivuma, mpira uliopigwa kwa nia njema huishia kwa samaki.

*Hukumu:* shimo la 10 ni Bahari ya Hindi, na hilo halina anayelikosa.

7. Kingome cha Mtakatifu Yosefu

Wareno hawakutosheka na ngome moja. Huku mdomoni mwa bahari walikuwa na kingome kingine kidogo, ambacho leo ni kuta zilizochoka zinazotazama maji. Hakina mstari wa watalii wala mtu wa kukuuzia kofia.

*Hukumu:* mdogo wake mtu maarufu. Wanaomtembelea wamepotea njia.

6. Mibuyu

Sasa tunaingia kwenye mambo mazito, kwa kilo na kwa kesi. Wahenga walisema mbuyu ulianza kama mchicha, lakini ukisimama chini ya hii ya Mama Ngina unaanza kuwashuku wahenga. Mibuyu huishi karne kwa karne. Barabara na gofu vimeikuta hapa.

Kila mmoja una mashahidi wa aina mbili: anayeapa kwamba una pepo, na aliyeuchora moyo wenye herufi mbili na mshale. Cha kuchekesha ni kwamba mara nyingi ni mtu yule yule. Mchana alichora, usiku hapiti.

Halafu kuna mabuyu, yale ya sukari, iliki, pilipili na rangi nyekundu isiyojua kusamehe. Ulimi hubeba ushahidi mpaka magharibi. Hajazaliwa mtoto wa Mombasa aliyekana kula mabuyu akaaminiwa na mamake.

*Hukumu:* miti pekee mjini inayoogopwa na kulambwa.

5. Feri ya Likoni

Fuata Mama Ngina Drive upande wa mlango wa Kilindini na utaishia kwenye feri. Maji yenyewe ni kama nusu kilomita. Mtembea kwa miguu halipi hata senti, na kwa sababu hiyo tu imepanda hadi nafasi ya tano. Zisome majina: MV Harambee, MV Nyayo, MV Jambo. Ya kwanza ni wito wa Kenyatta, ya pili ni wa Moi, na ya tatu ni kwamba tumechoka, tusalimiane tu.

Ndani humo kuna mikokoteni, baiskeli, kuku, vitanda vipya, wanafunzi, na yule bwana anayeanza kukimbia kabla mlango haujagusa saruji. Anakimbilia wapi? Matatu zinamngoja yeye yeye. Kuvuka ni dakika chache. Safari yenyewe ni ule msururu wa magari. Siku hizi mwenye gari anaweza kupitia Dongo Kundu, na wapo wanaoisifu barabara hiyo kwa machozi, lakini huko hakuna anayekuuzia njugu dirishani.

Utani nauweka kando kidogo. Aprili 1994, ndani zaidi katika maji haya haya, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakapoteza maisha. Ukimwona mzee wa Likoni ameiacha feri iliyofurika na kungoja inayofuata, usimwite mwoga.

*Hukumu:* ingekuwa ya tatu kama ingekuwa na viti vya kutosha. Kigezo cha pili, mnakumbuka.

4. Fort Jesus

Weka simu chini kwanza, nisikilize.

Najua ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011. Najua ujenzi ulianza 1593 na kwamba mchoraji wake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mtaliano aliyefanya kazi kwa Wareno. Najua watu husema ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, jambo ambalo watu wa bara wanalichukua kuwa ushahidi dhidi yetu sote. Na najua visa vyake ni vya kukesha. Kile cha Yusuf bin Hasan, kwa mfano: Wareno walimpeleka Goa akiwa mtoto, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamrudisha Mombasa awe mfalme mtiifu. Mwaka 1631 akawageuka, akaitwaa ngome, akamuua kapteni wao. Wareno wakaja na meli kuikomboa, akawashinda. Na baada ya kushinda akafanya nini? Akaiacha ngome, akaenda zake kuwa haramia baharini. Ushindi wa namna hiyo hata sisi wapenda ubishi unatushinda kuuelewa.

Kisha Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu ya watu kutazamana ukutani! Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilifika 1697 ikazama mbele ya ngome yenyewe. Baadaye Waingereza walipoichukua wakaona jengo lote hili linafaa kuwa jela, na jela ikabaki kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome hii imehamwa na kuhamiwa kuliko nyumba ya kupanga ya Majengo.

Kwa hiyo mbona ya nne? Kwanza, langoni unalipa. Pili, ngazi. Tatu, inafungwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo mtu mwenye akili timamu ndiyo kwanza anatoka nyumbani. Na tukisimamia haki, haiko hata rasini. Iko juu kidogo, kule Mji wa Kale. Nimeialika kwa heshima ya umri.

*Hukumu:* historia ya namba moja, saa za kazi za benki.

3. Kachri, muhogo na dafu

Hapa ndipo ndoa hujaribiwa. Muhogo wa kuchoma, upasuliwe katikati, upakwe pilipili na chumvi, ukamuliwe ndimu. Kachri, yaani zile chipsi nyembamba za muhogo, ziingie mfukoni zikiwa bado na joto, pilipili inyunyizwe, mfuko utikiswe. Swali ni moja tu: ndimu kabla ya pilipili au baada? Anayesema kabla ana hoja kwamba pilipili hushika vizuri palipo na unyevu. Anayesema baada hana hoja yoyote ila anapaza sauti, kwa hiyo mjadala ni sawa kwa sawa.

Dafu nalo lina elimu yake. Nazi huanza kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu, ikawa koroma, ndipo ikawa nazi. Mwenyeji huligonga kwa ukucha na kujua liko darasa la ngapi. Mgeni hugonga pia, kwa kuigiza, kisha huuziwa koroma kwa bei ya dafu.

"Mjomba, hili mbona gumu? Si koroma hili?"

"Koroma wapi, mwanangu! Hilo ni dafu lililokomaa akili."

Na mgeni hulipa, hunywa, hushukuru. Sipingi. Maneno kama hayo yana bei yake.

*Hukumu:* si bure, kigezo cha kwanza kimevunjwa. Kamati ilikuwa inakula wakati wa kupiga kura.

2. Meli

Watu wa miji mingine huziona meli kwa mbali, vidoa tu kwenye upeo. Hapa mlango ni mwembamba na njia yenye kina iko karibu na ukingo, hivyo linakuja jumba la chuma lenye ghorofa za makontena na kupita mbele yako karibu kiasi cha kumwona baharia akianika fulana. Watoto humpungia mkono. Baharia naye hupunga. Hakuna ofisi mjini yenye huduma ya haraka namna hiyo.

Ninachokipenda zaidi ni kujua kilichomo bila kukiona. Kilindini ndiyo mlango wa mizigo ya Uganda, na mingine ya Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Congo. Kwa hiyo wewe umekaa na kachri zako, na mbele yako inapita friji ambayo mwenyewe yuko Kampala, hata hajui kwamba umeiona kabla yake.

Jambo jingine: nahodha aliyevuka bahari zote hizo haruhusiwi kujiingiza mwenyewe bandarini. Anapandiwa na rubani wa hapa, mtu anayejua mikondo na miamba ya mlango huu, na anamwelekeza pale mwisho. Unaweza kuwa mbabe wa dunia nzima, lakini hodi ya Mombasa inapigwa na mtu wa Mombasa.

Angalizo kuhusu mtaalamu wa ukutani. Kila jioni yupo mzee mmoja anayejua kila meli imetoka wapi, imebeba nini na nahodha wake ana tabia gani. Usimpinge. Msikilize tu, halafu ukipata nafasi nenda ukamsikilize wa benchi la pili, ambaye meli ile ile kaipa nchi nyingine.

*Hukumu:* sinema ya bure, ratiba haijulikani, na bado hakuna anayedai kurudishiwa pesa.

1. Upepo

Haya, guna. Umeruka visa vya ngome, umeruka koroma, umekuja kukuta namba moja ni kitu kisichoweza hata kupigwa picha.

Lakini fikiria. Mtu wa Mombasa akitoka nyumbani jioni, ukimuuliza anakwenda wapi, hasemi anakwenda kutazama rasi, wala taa, wala mibuyu. Anasema anakwenda kupunga upepo. Hayo mengine tisa ni mapambo ya ukumbi. Upepo hauna lango wala tiketi, na haukufai ukiwa unatembea haraka, kwa hiyo kigezo cha pili umekifaulu kuliko vyote. Wa kaskazi huja miezi ya joto, kavu, wa kukausha jasho la shingoni. Kusi ikishika zamu katikati ya mwaka hupiga kwa nguvu, mawimbi yakapanda mwamba wa matumbawe na kumwagia mtu aliyevaa suruali nyeupe. Humjua mwenye suruali nyeupe. Hakosei.

Mwaka 2019 sehemu yote ilikarabatiwa, ikawekwa mabenchi na njia nzuri za kutembelea, na sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zikafanyika papo hapo tarehe 20 Oktoba. Watu walipiga makofi, wakayasifu mabenchi, kisha wakaenda kukaa ukutani pale pale walipozoea. Wengine hawashuki hata kwenye gari. Hufungua milango yote minne, babu mbele, wajukuu kwenye buti, thermosi ya chai juu ya boneti, na kubarizi humo mpaka adhana ya isha. Wanaoketi chini huwaona hao wa magari kuwa wavivu. Wa magari huwaona wa chini kuwa hawana magari. Upepo huwapita wote bila kusalimia.

Watu wa Nyali wana ufukwe, sawa, lakini mchanga unaingia kwenye chai. Watu wa Lamu watasema kwao hata punda wanapunga upepo, na sitaki vita na Lamu, maana enzi za mshairi wetu Muyaka bin Haji, Mombasa na Lamu zilijibizana mpaka kwa mashairi na leo sina vina vya kutosha. Ninyi wa Unguja najua mnakuja na Forodhani yenu. Upepo ni ule ule wa Bahari ya Hindi, hilo nakubali. Ila kwa pweza wote wale mnaowachoma mbele ya pua zenu, hata wenyewe hamjui kama mnapunga upepo au mnapunga moshi.