Jinsi ya Kutoa Toleo Bila Kutolewa Roho

Anza kwa kufunga mlango. Tangaza mapema kwamba vipengele vipya vya programu basi, sasa ni kurekebisha tu. Atakuja mtu, tena rafiki yako, na "kakipande kadogo, hakana madhara". Mwambie angoje toleo lijalo. Linus Torvalds hufanya hivyo na kiini cha Linux: huwafungulia wachangiaji dirisha la wiki mbili, hulifunga, kisha karibu kila Jumapili hutoa toleo la majaribio, kwa kawaida mara saba au nane, mpaka mambo yatulie. Aliyechelewa hungoja zamu nyingine, na maisha yanaendelea.

Ijumaa jioni usiguse kitu. Nasema nawe uliyekwisha kuvaa viatu! Chakula ukishakipakua, kaa hapo uwaone wanaokula. Hitilafu isikukute harusini, sahani mkononi.

Na tafadhali, "marekebisho mbalimbali" si maelezo. Andika kilichobadilika, kitakachovunjika, na la kufanya kikivunjika.

Sasa kaa vizuri, hili ndilo lenye uzito. Kifurushi unachowapa watu kitoke kwenye msimbo uleule waliousoma. Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa waundaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye alichimba mpaka akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Kipande kilichouwasha mtego hakikuwamo katika msimbo wa hadharani. Kilitiwa ndani ya kifurushi cha toleo tu, mahali ambapo karibu hakuna anayechungulia. Aliyekitia alikuwa amejipendekeza kwa miaka zaidi ya miwili, kwa mtunzaji aliyeubeba mradi karibu peke yake na aliyekwisha kusema wazi kwamba uwezo wake wa kuushughulikia umepungua.

Kwa hiyo usitoe toleo peke yako. Mtu wa pili akijenge kifurushi kwenye mashine yake, mlinganishe. Visipofanana, hakuna kutoa, hata kama umeshatangaza tarehe.

Nawe unayetumia programu huria kila siku bila kuchangia chochote: wiki hii chagua moja unayoitegemea, ujaribu toleo lake la majaribio, kisha umwandikie mtunzaji wake ulichokiona.