Koma, Nukta Mkato, Funga Usemi

"Salio la benki ni shilingi koma, nukta mkato, herufi kubwa, kikomo, koloni, funga usemi, 'st', 'for'."

Hivyo ndivyo Mwalimu alivyoisoma ripoti ya fedha Jumamosi iliyopita, vidole vikitambaa juu ya karatasi, kwa sauti ile ile aliyosomeshea imla kabla hajastaafu. Chama kizima kiliangua kicheko. Mama mmoja alilazimika kutoka nje kupangusa machozi. Mwalimu akangoja watulie, kisha akaniuliza kwa upole: "Katibu, pesa zetu umezinunulia alama za uakifishaji?"

Zilikuwa 12,430/=. Kwenye skrini zilionekana safi kabisa.

Ubaya ni kwamba mashine ya kuchapa breli haisomi, inapiga tu. Louis Braille, yule Mfaransa aliyetangaza mfumo wake mwaka 1829, aliacha kisanduku cha nukta sita, na nukta sita hazizai zaidi ya alama 64, nafasi tupu ikiwemo. Watu wa kompyuta wakaja wakaipa kila alama kitufe chake kwenye kibodi. Herufi zilibaki zilivyo: a ni a. Tarakimu ndizo zilizopewa makombo. Ukipeleka 1 bila kutafsiriwa, mashine inapiga koma, 2, nukta mkato, 4, kikomo. Mkwaju unakuwa "st" ya ufupisho wa Kiingereza, na alama ya usawa inakuwa "for". Kwa hiyo ile /= yetu tunayoibandika kwenye kila bei inasomeka "stfor", na "Karibuni!" niliyoiandika juu kwa mbwembwe ilisomeka "karibunithe". Kazi ya programu ya kutafsiri ni kusimama katikati, iweke alama ya namba kwanza, kisha iandike a kwa 1, b kwa 2, hadi j kwa sifuri. Fundi aliyetufungia mashine alisema nibonyeze pale tu. Nikabonyeza pale tu. Na kwa kuwa herufi zote zilitoka sawa, ningejuaje? Nililinganisha mstari wa kwanza na chati, nikajipongeza.

(Mweka hazina amenivuta kando. Anaomba ripoti zake ziendelee kuchapwa vivyo hivyo.)

Mengine ni madogo. Karatasi nzito tulizoagiza Nairobi zilishushwa Ongata Rongai badala ya kwetu. Stima ilipotea katikati ya ukurasa. Dada yangu, kwa wema wake, aliziona kurasa zina vipele akazipiga pasi.

Lakini kicheko kile bado kinaniwasha, na si kwa ajili yangu. Miaka yote Mwalimu amekuwa akisomewa hesabu na mtu mwingine, akaitikia kwa kichwa, na hakuna aliyecheka wala kuuliza. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia breli. Wasiowahi kuchapa hata ukurasa mmoja hawajawahi kuchekwa. Juzi niliingia ofisi moja ya umma kumchukulia Mwalimu fomu, nikauliza kama wanayo ya breli. Karani hakuinua macho. Aje na mtu wa kumsomea, akasema. Fomu yenyewe ni ya kuomba msaada wa watu wasioona.