Dola 175 Zivikwe Koja

Dereva aliyetia mafuta ya dola 22 katika kituo kimoja cha Marekani, kisha akafungua akaunti yake kwenye simu na kukuta dola 175 zimezuiliwa, huwa hana neno jema la kulisemea zuio hilo. Hulilaani lenyewe, humlaani mwenye kituo, huilaani benki, na akiwa na muda hummalizia hata aliyebuni kadi. Si haki. Kitu kinachofanya kazi usiku na mchana, kisichodai mshahara, na kinachorudisha kila senti kiliyoishika, kingekuwa binadamu kingeshachaguliwa mweka hazina wa kikoba. Angalau kiimbiwe taarabu. Kivikwe koja la asumini, kitunzwe noti mbele ya watu, na noti zenyewe, kwa kufuata mila ya mtunzwaji, zikae siku tatu bila mtu kuruhusiwa kuzigusa.

Nasaba yake ni ya heshima. Zamani Mmarekani akifika kituoni alikaa ndani ya gari, akaja mhudumu, akajaza, akafuta kioo, akapokea pesa. Mwaka 1964, huko Westminster karibu na Denver, duka moja lilianza kutumia pampu zinazowashwa na mtunza fedha aliye ndani, na mteja akajitilia mwenyewe. Wakati huo BankAmericard, kadi iliyokuja kuitwa Visa, ilikuwa imeshaanza kugawiwa Fresno, California, tangu 1958. Mwaka 1973 mfumo ulioitwa BASE I ukaanza kupitisha maombi ya idhini kwa kompyuta, badala ya karani kupiga simu na kusubiri. Ikabaki kuvikutanisha viwili, pampu isiyo na mtu na kadi isiyo na uso, ili mtoto huyu azaliwe.

Na ilibidi azaliwe. Dukani bei hujulikana kwanza, kadi ikafuata. Pampu imepindua utaratibu: mteja anagusisha kadi au anabonyeza namba ya pampu kwenye programu ya simu, mafuta yanaingia tangini, na bei inajulikana mwisho, wakati bidhaa haiwezi tena kurudishwa rafuni. Kwa hiyo kabla ya tone la kwanza pampu huiuliza benki kama huyu bwana ataweza kulipa, na mpaka kiasi gani. Katika lugha ya mashine, iliyowekewa kiwango cha ISO 8583 tangu 1987, swali hilo ni ujumbe namba 0100, nao hubeba alama 5542, yaani pampu ya kujihudumia. Benki hujibu ndiyo au hapana. Mteja akirudisha mpira mahali pake, kituo hutuma ujumbe wa pili wenye kiasi halisi, tuseme dola 22 na senti 40. Zuio huishi kati ya ujumbe huo wa kwanza na wa pili. Na benki ikiwa nzito, huendelea kuishi baada ya wa pili, kwa saa kadhaa au siku kadhaa.

Katika maisha hayo mafupi fedha zile haziko mikononi mwa mtu. Mwenye kituo hajazipokea. Mteja hawezi kuzitumia. Zimo benki kama zilivyokuwa jana, ila zimelazwa. Masufi hutumia miaka kujitenga na mali ya dunia. Dereva wa zamu ya usiku hufikishwa daraja hiyo kwa sekunde mbili, tena akiwa amevaa kandambili.

Tusilisingizie tamaa, maana halikuanza hivyo. Kwa miaka mingi vituo vingi vya Marekani viliomba idhini ya dola 1 tu, kupima kama kadi iko hai, na kanuni za mitandao ya kadi zilikihakikishia kituo malipo yake hadi kikomo fulani. Hatari ikabaki kwa benki iliyotoa kadi. Benki nazo si watoto. Baadhi, zikiona dola 1 inatoka kwenye pampu, zilizuia zaidi kwa hesabu zao wenyewe. Kisha ikaja Juni 2022, bei ya wastani ya petroli nchini humo ikavuka dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo Visa na Mastercard zikapandisha kikomo cha zuio kutoka dola 125 hadi 175. Pikapu ya Ford F-150 yenye tangi la galoni 36, ikifika kavu kabisa, kwa bei hiyo ilihitaji dola 180. Kwa hiyo 175 ilikuwa na adabu, karibu isitoshe! Baadaye bei zikashuka. Kikomo, kwa kuwa ni kizito wa tabia, hakikushuka nazo.

Hapo ndipo inapojitokeza fadhila yake kubwa, nayo ni usawa. Zuio halimwangalii mtu sura. Mwenye F-150 na mwenye Corolla, ambayo tangi lake la galoni 13 na kidogo lisingefika dola 70 hata kwa bei ile ya Juni, wote hudhaniwa wana kiu ileile. Mwenye kadi ya mkopo ya dola 20,000 huzuiliwa 175 na hana habari kama kuna kilichotokea. Mwenye kadi inayochota moja kwa moja kwenye mshahara wake huzuiliwa 175 hizohizo, na habari anayo.

Mchukue dereva mmoja wa kufikirika. Anasambaza vyakula kwa gari lake, ni Alhamisi jioni, akaunti ina dola 190 na malipo yake yanaingia kesho. Ametia mafuta ya dola 22 na senti 40. Zuio limeshika 175, zimebaki 15. Anapita dukani kuchukua maziwa ya mtoto na mkate, jumla dola 18. Anagusisha simu, mashine inatafakari, jibu linarudi kwa namba 51: salio halitoshi. Kwa hesabu ya haki ana dola 167 na senti 60. Nyuma yake foleni imeshafika kwenye friji za soda. Mama aliyebeba kikapu anaangalia pembeni kwa adabu. Kijana wa kaunta anauliza, kwa sauti ya kawaida ambayo hata hivyo inasikika hadi mlangoni, kama kuna kadi nyingine. Hakuna. Mkate unaondolewa, maziwa yanapita.

Wenye roho nyepesi wataiita hiyo fedheha. Msifu wa kweli anaona darasa la bure la uchumi: dereva amewekeshwa akiba ya dola 152 na senti 60 bila kuombwa ridhaa, bila kupewa riba, na bila hata kijikaratasi cha kumshukuru.

Na mwenye dola 60? Huyo anaombewa 175 asizokuwa nazo, na anaweza kukataliwa moja kwa moja, asipate hata mafuta ya dola 10 aliyoyataka. Zuio limemkinga na ajali za barabarani. Baadhi ya mifumo, ni kweli, imelainika: benki huweza kujibu kwa namba 10, idhini ya sehemu, kwamba chukua hizo 60, na pampu hukatika ikifika hapo. Wapenzi wa zuio la zamani, lile lisilo na mjadala, wanaweza kuona hilo ni ulegevu.

Hukuza pia mazungumzo. Anayelalamika kituoni huambiwa apigie benki, kwa kuwa kituo hakijashika hata senti, na hilo ni kweli. Benki humwambia kituo ndicho kilichoomba kiasi hicho, na hilo mara nyingi ni kweli pia. Mgogoro ambao pande zote mbili zinasema kweli ni nadra sana mahakamani, lakini hapa unapatikana kila Jumamosi, na mwenye kilio hubaki katikati na muziki wa kusubiri sikioni.

Simu imelipa uwanja mpana zaidi. Dereva ameegesha kwenye pampu ya 5, akabonyeza 6. Anafuta, anaanza upya. Mtandao unayumba, anaanza tena. Kila jaribio ni ombi jipya la idhini, na ikiwa ujumbe wa kufuta, namba 0400, haukufika au benki haikuufanyia kazi, akaunti moja huweza kubeba mazuio mawili kwa tangi moja, au kwa tangi ambalo halijaona tone. Katika hali ya pili mafuta ni sifuri na zuio ni dola 350. Viwanda vichache duniani vina tija ya namna hiyo.

Uingereza haikulipokea kwa maua. Mwaka 2018 duka kubwa moja lilipojaribu kuacha ombi la pauni 1 na kuzuia pauni 99 badala yake, wateja walikuja juu na jaribio likasitishwa. Zuio halina kinyongo. Lilirudi taratibu, pampu baada ya pampu, likafika pauni 100, na bei za 2022 zilipopaa likawa 120 katika vituo kadhaa.

Dar es Salaam na Nairobi zuio la pampu bado ni mgeni, na si kwa sababu wenyeji ni waaminifu kupita wengine. Bodaboda anafika sheli, anasema niwekee ya elfu tano, kijana wa pampu anabonyeza namba, pampu inakatika yenyewe, noti inatoka mfukoni au malipo yanakwenda kwa simu. Kiasi kimetajwa kwanza, hakuna cha kukisia. Kuwepo kwa mhudumu peke yake hakutoshi: New Jersey, ambako sheria ya 1949 bado inakataza mteja kujitilia petroli, mhudumu yupo, lakini akiichomeka kadi kwenye pampu na kuambiwa ajaze, zuio linafanya kazi naye bega kwa bega. Kinacholiua ni ile elfu tano iliyotajwa. Ndiyo maana Mmarekani anayetaka kulikwepa huingia dukani, humwambia mtu wa kaunta aweke ya dola 20 pampu ya tano, hulipa hapohapo na kutoka. Hilo ndilo pengo pekee katika ukuu wake, na ni hatua arobaini tu kutoka kwenye gari, ambazo siku ya baridi ya Minnesota watu hawazitembei.

Wapo wanaotumaini kwamba gari la umeme litalizika. Watangoja. Mashine ya kuchaji nayo humpa mteja bidhaa kabla ya kujua bei, na umeme ulioingia kwenye betri haudaiwi kwa ndoo. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 2023, zikitaka chaja za umma zenye kasi zikubali kadi ya kugusisha kuanzia Novemba 2024, jambo zuri kwa madereva waliochoka kupakua programu mpya kwa kila kampuni. Kadi ikakaribishwa, na zuio likaingia pamoja nayo, bila usaili, bila barua ya maombi. Kiasi linachoshika hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Mwenye haraka ya kukijua ainame asome kibandiko kilicho chini ya kioo cha mashine, na akiwa amevuka miaka arobaini, aje na miwani.