Hujala? Mwongozo wa Kukana Bila Kulala Njaa

Swali la kwanza litakalokupima ni hili: "Hujala?" Aliyeuliza ameshika upawa, nawe una njaa. Kwa Kiswahili jibu ni "Ndiyo", yaani umesema kweli, sijala. Ukijibu "Hapana" umempinga, umesema umekula, na sufuria linafunikwa. Mpwa wangu, aliyesoma shule ya Kiingereza tangu chekechea, alijibu "Hapana, bibi" kwa adabu zote, akabaki akiwatazama wenzake wakila wali wa nazi. Kichwani alikuwa anajibu Kiingereza, ambako hapana hufuata tendo lenyewe, si kauli ya anayeuliza. Dawa ni kurudia kitenzi. "Sijala, bibi." Sahani itakuja.

Kisha acha kuhesabu. Darasani hasi mara hasi ni chanya, na "hakuna asiyejua" inatii: wote wanajua. "Shangazi hakosi harusi" nayo inatii, mwekee kiti. Lakini mtu akikuambia, "Si kwamba sitaki kuja," hasi ziko mbili na haji. Usimpikie.

Ninayoipenda kuliko zote ni "kabla". "Kabla hujaondoka, zima jiko." Anayejifunza lugha huuliza: kuondoka nitaondoka, sasa hapa kinakanwa nini? Ni kule kuondoka, kwa wakati huo tu. Ile -ja- inakuonyesha mahali ulipo mkono unapogusa jiko: mlangoni bado hujatoka. Anayesema "kabla ya kuondoka" hajakosea, ila picha hiyo imempotea, nami naisikitikia.

Kwenye vikao vya harusi, jihadhari na budi. Tumelipata kutoka Kiarabu, maana yake ni njia ya kukwepa, na hatulitumii pasipo kulikana: hatuna budi kuchanga, basi lazima tuchange. Hapo ni sawa. Taabu huanza saa nne usiku, mwenyekiti amechoka, anasema, "Hatuna budi kutomnyima kadi asiyechanga." Hatuna, kuto-, kunyima, asiye-: zimefika nne, na katibu ameshaweka kalamu chini. Nusu ya kikao wanapiga makofi, nusu wananuna, na wote wamesikia sentensi ileile. Usinong'one na jirani. Nyoosha mkono, umuulize kwa heshima kabla muhtasari haujaandikwa: "Mwenyekiti, anapewa au hapewi?"