Sifa za S ya Kiingereza

Katika Kiingereza chote hakuna kinachostahili kusifiwa kama ile S inayobandikwa kwenye kitenzi pale mtendaji anapokuwa mmoja. Jina likiongezwa S huwa wingi; kitenzi kikiongezwa S huonyesha umoja. Dogs bark, a dog barks: mbwa wakiwa wengi S hukaa kwao, akibaki mmoja huhamia kwenye kubweka kwake. Kiswahili hakiujui ubahili huu. Vitabu vyangu vizuri vimepotea: kila neno linatoa ushahidi wa wingi, na hakuna wa kujifanya hakusikia. Kiingereza kina shahidi mmoja tu, naye kigeugeu.

Atatokea wa kusema S hiyo haina kazi. Ni kweli, na utukufu wake uko hapo hapo. Ukisimulia ya jana hutoweka, ukiacha was na were. Ukitumia can au must huioni kabisa, na maana haipungui hata chembe. Katika lahaja ya asili ya East Anglia, huko huko Uingereza, watu husema he go na wanaelewana. Sasa kitu kisicho na kazi, kikaweza kumnyima mtu alama, ajira na heshima, si cha kudharauliwa. Vyeo vingi tunavyovijua havijafika hapo. Tena S yenyewe ni ya kuja. Ilitoka lahaja za kaskazini ikateremka kusini, na Biblia ya King James ya 1611 bado ilishikilia -eth. Leo anayeiacha ndiye anayeitwa mshamba!

Wengine watalalamika kwamba sheria yake haina msimamo. News ina S lakini yadai is. Police haina, yadai are. Timu ikicheza London mara nyingi ni are, ikifika New York ni is. Marekani yenyewe, katika Marekebisho ya 13 ya katiba, 1865, ilijitaja kwa their, yaani wengi. Siku hizi ni mmoja. Lakini sheria yenye msimamo ingefundishwa wiki moja ikaisha, na mtunga mitihani angebaki na nini? Hivi sasa anaandika the box of books, anaacha pengo, kisha anamsubiri mtoto aliyeziangalia books akasahau box.

Basi wasahihishaji, mkikutana na he go kwenye karatasi, kateni alama yenu kama kawaida. Ila msiseme hamkumwelewa.