Ijara, Umiliki na Udhuru: Suala la Gari Ngamiani

Suala la kama mtu anunue gari au alikodi kwa muda mrefu limejadiliwa sana na wahasibu, ambao kwa kawaida huweka bei ya kununua upande mmoja, jumla ya kodi ya miaka kadhaa upande wa pili, wakaondoa thamani ya gari lililochakaa, kisha wakautangaza mshindi ule upande wenye namba ndogo. Njia hiyo haina kasoro kubwa, isipokuwa kwamba haikubuniwa na mtu aliyewahi kuegesha gari mbele ya nyumba yake katika mojawapo ya barabara za namba za Ngamiani, jijini Tanga, ambako habari ya gari jipya huenea kabla injini haijapoa.

Kununua, kwanza, kuna maana yake mahususi. Mkazi wa Tanga anayetangaza kwamba ameagiza gari jipya huwa ameagiza gari lililotumika Japani kwa miaka mingi, nalo huhesabiwa jipya kwa kuwa halijapata namba ya Tanzania. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Hufuata ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya kawaida ya gari dogo ni asilimia 5. Hufuata ushuru wa uchakavu, yaani faini ya uzee, ambao kwa gari lililopita miaka 10 ni asilimia 30. Na juu ya mlima huo wote huwekwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Gari lililofika bandarini Dar es Salaam likiwa la shilingi milioni 10 huondoka hapo likikaribia milioni 20, bila kuongezewa hata msumari. Mnunuzi hujifariji kwa herufi za namba ya usajili, kwa maana mwenye namba mpya ya E hutazamwa kwa heshima ambayo mwenye namba ya zamani ya B haipati hata akiwa mwenyekiti wa mtaa. Faraja hiyo nayo ina adui, kwa kuwa upepo wa bahari ya Tanga hubeba chumvi, na chumvi huanza kulipa gari kutu chini ya milango bila kujali herufi.

Kukodi kwa muda mrefu si jambo geni kwa watu wa pwani. Fiqhi ya Kiislamu ina mkataba uitwao ijara, ambao ndani yake mwenye mali huuza manufaa ya mali hiyo kwa muda na malipo yanayojulikana, huku mali yenyewe ikibaki kuwa yake. Na kwa sababu ni yake, matengenezo makubwa humhusu yeye, ilhali mkodi hubeba gharama za matumizi ya kila siku. Benki zinazofuata misingi ya Kiislamu, ikiwamo Amana iliyoanza kazi mwaka 2011, zimewafanya wengi walizoee neno hilo, na Bunge lilikwisha kutunga sheria ya ukodishaji wa mali mwaka 2008.

Mtaani, hata hivyo, ijara imezaa mtoto asiyefanana nayo, ambaye waendesha bajaji na bodaboda humwita mkataba. Dereva hukabidhiwa chombo na tajiri mwenye nacho, hulipa kiasi maalumu kila siku au kila wiki, na muda ukiisha chombo huwa chake. Ikichukuliwa kwamba malipo ni shilingi 10,000 kwa siku, mwaka mmoja humaliza 3,650,000, na hesabu hiyo haitambui Idi, mvua ya masika wala homa. Linalostaajabisha wanazuoni, au lingewastaajabisha kama wangepanda bajaji, ni kwamba chombo kikiharibika huwa cha dereva, na malipo yakichelewa huwa cha tajiri.

Yote hayo bado ni hesabu, na katika Ngamiani hesabu ni sehemu ndogo ya suala. Gari lililonunuliwa, ambalo kadi yake ina jina la mwenyewe, huwa la shughuli zote: hubeba bibi harusi hadi Pangani, masufuria ya pilau hadi Makorora na mgonjwa hadi hospitali ya Bombo usiku wa manane. Tukiacha mgonjwa, ambaye hakuna mwungwana atakayemkatalia, waombaji wengine hutumia kauli moja tu, kwamba mafuta wataweka wao, na kauli hiyo kwa uzoefu humaanisha lita mbili. Gari hurudi lina mchele chini ya viti na gundi ya maua iliyong'oa rangi ya boneti, wakati mwenyewe ameenda kazini kwa baiskeli, chombo ambacho tambarare ya Tanga imekipendelea tangu zamani na ambacho hakuna shangazi anayekiazima kwa ajili ya harusi.

Hapo ndipo ubora wa kukodi unapoonekana, nao haumo katika daftari la mhasibu yeyote. Mkodi anacho kitu ambacho mnunuzi ameuza pamoja na akiba yake, nacho ni udhuru. Anaweza kusema kwa masikitiko ya kweli, "Shangazi, ningelitoa, lakini gari si langu, mkataba unakataza," na shangazi akaondoka akimlaani mwenye gari asiyemjua. Kwa mtu mwenye ndugu wengi, na ni nadra kumpata Ngamiani asiye nao, kodi ya mwezi huwa ni bei halali ya sentensi hiyo moja.

Baadhi ya wanunuzi wamelitambua hilo na kuanza kudai kwamba magari yao ni ya kukodi, wakificha kadi ndani ya kabati la nguo. Hila hiyo hudumu hadi msimu wa harusi, kwani wajumbe wa kamati ya shughuli, wakiisha kusikiliza udhuru wote kwa adabu na kukubali kabisa kwamba gari si la jirani yao, huomba namba ya simu ya mwenye gari ili wamwombe wao wenyewe.